Shukrani si Kibanja

Kuna fasheni imeingia mjini na imeenea kuliko bajaji. Ni fasheni ya kushukuru. Vijana wenzangu wa maofisini wananunua madaftari mazuri ya jalada gumu, na kila jioni wanaandika mambo waliyojaliwa siku hiyo. Kwenye semina za ujasiriamali wanaambiwa shukuru, utaridhika. Makanisani wanaambiwa mkumbuke mama, milango itafunguka. Na ukichungulia hizo orodha za shukrani, kama mwenyewe atakuruhusu, utakuta namba moja ni mama. Mama kipenzi, mama shujaa, mama nguzo. Jumapili ya pili ya Mei ikifika ndiyo usiseme kabisa, utadhani nchi nzima imezaliwa jana. (Kwa taarifa yenu, Anna Jarvis, yule dada wa Kimarekani aliyeianzisha siku hiyo mwaka 1908 kumkumbuka mama yake, alimaliza maisha akipigana na wauza maua na wauza kadi walioigeuza biashara. Hakufanikiwa.)

Sasa kabla sijashambuliwa niseme wazi: sina ugomvi na kushukuru. Hata wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. Walijisikia vizuri zaidi juu ya maisha yao kuliko wenzao walioandika kero. Naamini kabisa. Lakini hebu angalia ni nani aliyejisikia vizuri pale. Ni aliyeandika! Aliyeandikwa hakuulizwa.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu, na ugomvi wenyewe ni na sisi watoto wa Bukoba na Muleba tuliotawanyika Dar, Mwanza, Kampala na kwingineko. Tunatuma elfu hamsini mwisho wa mwezi, simu inalia "muamala umekamilika", tunashusha pumzi. Tumeridhika. Mama naye anapiga simu kushukuru, anatubariki mpaka salio linakwisha. Na hakuna hata mmoja wetu anayejiuliza kwa nini mwanamke aliyelima miaka arobaini, kwenye shamba lenye migomba na mibuni, anamshukuru mtoto wake kwa hela ya sukari.

Mimi nina jibu, na jibu halipo kwenye daftari la jalada gumu. Lipo kwenye sheria.

Mwaka 1963 serikali ilichapisha mila za urithi za makabila ya Tanganyika ziwe sheria, Tangazo la Serikali namba 436. Humo ndani kuna kanuni ya 27. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake yeye ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao.

Rudia kuisoma hiyo sentensi ya mwisho. Ukiisoma haraka unaweza kutoa chozi, imekaa kama kadi ya Siku ya Mama. Lakini hii ni sheria ya mali, jamani! Mtoto wa kiume wa kwanza kapewa fungu kubwa. Wadogo zake wa kiume nao wamepewa. Mabinti wamewekwa daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo wakaambiwa waitumie tu, wasiuze. Ilipofika zamu ya mama, kalamu ikaandika: shukrani.

Yaani urithi wa mama yangu ni moyo wangu. Nikiwa mlevi, urithi wake umelewa. Nikiachishwa kazi (na mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua, mara upo mara haupo), urithi wake umeachishwa kazi. Nikitangulia kufa, urithi wake umezikwa. Na hili la mwisho watu wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata bibi zetu walizika watoto wao mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanazika wanao, na kwa mujibu wa kanuni ya 27 walikuwa wanazika fungu lao vilevile, wakabaki na wajukuu wa kulea kwenye kibanja ambacho si chao.

Wale wanaosema "ndivyo dunia ilivyo", hapana, dunia haiko hivyo. Hata Tanzania haiko hivyo. Mjane Mwislamu aliyeachiwa watoto ana thumuni yake, imeandikwa, haiombwi. Mkristo ambaye familia yake imeachana na mila, mirathi ikienda kwa ile sheria kongwe tuliyorithi kutoka India, mjane ana theluthi moja. Wa kimila ndiye ana sifuri. Na kuna jambo linachekesha kama si la kusikitisha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika mali ya ndoa. Hiyo ni kwa ndoa inayovunjika mahakamani. Kwa hiyo mke aliyeachika kazi yake inahesabika, aliyevumilia mpaka akamzika mumewe haihesabiki. Mtu akimshauri mama yake aombe talaka baba angali hai, kwa hesabu hizi nani atamlaumu?

Nije sasa Muleba, maana watu hupenda kusema haya ni mambo ya wanaharakati wa Dar es Salaam. Kesi maarufu kuliko zote za ardhi ya wanawake nchini ilianzia kwetu, Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Bibi Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia halali. Lilikuwa shamba la ukoo. Akazeeka. Hukumu inaeleza kwamba alipoona uzee umemfika na hana wa kumtunza, akaliuza, tarehe 24 Agosti 1988, kwa Gervazi Kaizilege, kwa shilingi 300,000. Tarehe 25 mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Siku moja tu. Wa kumtunza hakuonekana, wa kudai alionekana kesho yake asubuhi.

Kashasha wakakubaliana na mpwa: mauzo ni batili, bibi arudishe pesa. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua. Mpwa akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba tangu haki za binadamu ziingizwe kwenye Katiba mwaka 1984, mila inayomzuia mwanamke kuuza huku mwanamume akiruhusiwa haiwezi kusimama. Bibi ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Halafu akaongeza jambo ambalo nalipenda kuliko yote: ukoo ukiitaka ardhi yake, mpwa amrudishie mnunuzi shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, ardhi ni ya mnunuzi.

Wanaotetea ardhi ya ukoo hawaitaji sehemu hii. Jaji hakuwanyang'anya ardhi ya mababu. Aliwaambia kama mnaipenda, lipieni. Upendo usiogharimu kitu ndio aliokataa kuupa hati.

Msidhani basi mambo yakaisha. Wajane wawili wa Shinyanga, Elizabeth Stephen na Salome Charles, walifukuzwa na jamaa za waume zao, wakaenda Mahakama Kuu kuishambulia hiyo sheria ya 1963 yenyewe. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni ya kibaguzi, ila ikasema mila haibadilishwi kwa hukumu ya mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Tafadhali hesabu miaka. Wajane wawili wanazunguka dunia kutafuta kitu ambacho mtoto wa kiume wa Muleba anaweza kumpa mama yake kwa kwenda ofisi ya kijiji.

Ndiyo, anaweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi haina nguvu kwa kiasi hicho. Kuna hati ya hakimiliki ya kimila, inatolewa na halmashauri ya kijiji, na inaweza kuandikwa jina la mwanamke. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya serikali. Serikali ina dhambi yake ya 1963, sisi tuna yetu ya kila mwisho wa mwezi.

Labda nieleze kwa wasiotoka kwetu kibanja ni nini, maana ukitafsiri "shamba" umepunguza. Vijiji vya Buhaya vimekaa kama visiwa vya kijani katikati ya nyika ya majani tunayoiita rweya. Rweya haina rutuba. Kibanja kina rutuba, na si kwa sababu Mungu alipendelea pale. Rutuba ya kibanja imetengenezwa na watu, vizazi na vizazi, kwa kutoa majani rweya na kuyatandaza chini ya migomba, na samadi, na maganda ya ndizi, na majivu ya jikoni. Majani hayo yalibebwa kichwani. Kichwa cha nani? Kila aliyekulia kule anajua. Wanaume walipogoa migomba na kuuza kahawa, wanawake wakabeba majani, wakapalilia, wakapanda maharage katikati ya migomba, na wakitaka kitu chao wenyewe wakaenda kulima njugu mawe hukohuko rweya, kwenye ardhi isiyo na rutuba.

Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, na ulianzia Muleba, wataalamu walifundisha kukata ua dume la mgomba kwa panda ya mti badala ya panga, ili ugonjwa usihame kutoka mgomba hadi mgomba. Kwetu aliyetembea na panda ile kila asubuhi ni mama. Musika alikuwa shule.

Musika ni mimi. Kwa Wahaya musika ndiye mrithi mkuu, na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Baba alipofariki, siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, nikatangazwa, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini. Kwa dakika kumi hivi nikawa mwenye nyumba ya mama yangu, mwenye migomba yake, mwenye jiko lake. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anapika.

Mwaka huu nimekwenda kwa baba mdogo kumweleza kwamba kibanja kitaandikwa jina la mama. Nilienda kwa heshima zote, shikamoo, habari za hapa, na kilo mbili za sukari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mama yako anakosa nini? Humtumii hela?"

"Namtumia, baba."

"Unamtumia. Sasa hati ya nini? Umewahi kumfukuza?"

"Sijawahi."

"Utamfukuza?"

"Hapana."

"Basi!"

Kwa kweli ni hoja nzuri, na wengi wenu mngeishia hapo. Nikamuuliza, baba, na wewe kibanja chako kwa nini umekiandikisha? Wanao si wanakupenda? Si wangekutunza tu? Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

Halafu akaja na hoja yake ya kweli, na hii siidharau. Alisema makaburi ya babu yako yako mle. Baba yako yuko mle. Ardhi ya Muleba imekwisha, watu ni wengi, wenye pesa wananunua. Mama yako katoka ukoo mwingine. Akiuza, mtalilia wapi? Ni kweli sisi tunazika kwenye kibanja, na ni kweli miiko ya ukoo imesaidia familia nyingi zisiamke siku moja na kukuta uwanja umeuzwa. Lakini waulizeni wazee wawatajie vibanja vilivyouzwa kijijini kwenu, na nani aliviuza. Kijijini kwetu wameuza wanaume. Wameuza kwa pombe, kwa kesi, kwa nauli ya kwenda kutafuta maisha. Kahawa wameiuza ingali maua mtini, ile butura. Tena mila haikuwazuia, iliwapa tu ukoo nafasi ya kukomboa. Kwa nini anayeogopwa ni yule ambaye ana kila sababu ya kubaki, na mumewe amelala palepale chini ya migomba?

Na hata akiuza! Bibi Holaria aliuza kwa sababu hakuwa na wa kumtunza. Mama akifika mahali pa kuuza, basi sisi ndio tutakuwa tumeshindwa, na hapo afadhali awe na cha kuuza kuliko kuwa na baraka za kutoa kwenye simu.

Mama mwenyewe nilipomwambia hakulia wala hakunikumbatia kama kwenye filamu. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akauliza, "Na wewe utazikwa wapi?"

Nikamwambia nitakuja kuomba kwako.

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Halafu akauliza kama ile elfu hamsini itaendelea. Itaendelea, mama. Ndipo akasema kama ni hivyo kweli, aanze kwanza na chama cha msingi, jina la kwenye kahawa libadilishwe, maana hajawahi kupokea malipo ya kahawa kwa mkono wake.

Mnaotafuta kuridhika, nami nilikuwa naitafuta kama nyie, niwaambie nimeipata wapi. Sikuipata siku ya kupeleka maombi kijijini, siku hiyo nilikuwa na wasiwasi tu. Niliipata wiki tatu baadaye. Nilimpigia mama kumpa wazo langu zuri sana: tung'oe mibuni ya zamani upande wa juu, tupande vanila, nimesoma ina bei. Zamani angesema sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua. Safari hii alisema hapana. Alisema ile mibuni inazaa, vanila inataka mtu wa kuchavusha ua moja moja kwa mkono, na mkono huo utakuwa wa nani? Kisha akaniuliza kazi inaendeleaje, akakata simu, hakubariki mtu.

Nilikaa na ile simu mkononi natabasamu peke yangu ndani ya daladala. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimezungumza na mama yangu akiwa hanihitaji kwa jibu lake. Shukrani zake zote za miaka yote sikuwa na namna ya kujua zilikuwa ngapi za upendo na ngapi za hofu, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye nyumba yako hawezi kukwambia hapana kirahisi, hata kama ulitoka tumboni mwake. Hapana ile ilikuwa safi. Tangu siku hiyo nikimtumia hela natuma kama mtoto, na hainipi tena ile raha ya kujiona mwema. Inanipa kitu kingine, kimetulia zaidi, na sijui kama kinaingia kwenye daftari.

Maombi yako ofisi ya kijiji. Kinachosubiriwa ni majirani kuthibitisha mipaka, na jirani mmoja, upande wa bondeni, ni baba mdogo. Mpaka wetu na yeye ni mstari wa milamula, ile mimea ambayo Wachaga wanaiita masale. Hajasema atakuja wala hajasema hatakuja. Wajumbe wamepanga kupita Jumamosi, na mama ameniagiza nisije na watu wa kuongea sana, maana yeye ndiye atakayetangulia mbele. Ndiye anayejua kila mlamula ulipo.